Injini ya Vespa na Madeni Yake

Kabalo ni mji wa mto na wa gari la moshi. Mto ni Lualaba. Reli inatoka hapo kwenda Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Mtu akitaka kupeleka mihogo sokoni, huifunga juu ya baiskeli. Njia ikiwa tambarare, hupanda, akakanyaga. Akifika penye kilima au mchanga mwingi, hushuka, akasukuma. Kwa nini? Kwa sababu baiskeli ya namna hiyo ina mwendo mmoja tu.

Pikipiki ina miendo mingi. Ndani yake mna magurudumu ya meno, yaitwayo gia. Watu wengi wa Kongo husema vitesi. Gurudumu la meno 20 likisukuma lenye meno 60, lile dogo huzunguka mara 3, na lile kubwa mara 1 tu. Mwendo hupungua, lakini nguvu ya kupanda huongezeka.

Mwaka 1946 kiwanda cha Piaggio huko Italia kilianza kuuza pikipiki ndogo, yenye magurudumu mafupi na bamba la kukinga miguu. Aliyeibuni ni Corradino D'Ascanio, fundi wa helikopta. Iliitwa Vespa, maana yake nyigu. Ilikuwa na gia 3. Miaka ya 1970 ikaja Vespa PX 125, yenye gia 4.

Wenye Vespa za zamani hupenda kuziongezea nguvu. Kiwanda cha Polini, cha Italia pia, hutengeneza silinda za kazi hiyo. Silinda ya asili ya PX 125 ina upana wa milimeta 52 na nusu. Silinda mpya ina milimeta 63. Pistoni hupanda na kushuka milimeta 57, kama zamani. Upana umeongezeka kidogo tu. Lakini ujazo umetoka sentimeta 123 za ujazo ukafika 177.

Je, kazi imekwisha? Haijakwisha. Silinda kubwa huleta madeni matatu.

Deni la kwanza ni petroli. Silinda kubwa huvuta hewa nyingi. Kwa hiyo fundi huongeza tundu la petroli katika kabureta. Asipofanya hivyo, moto wa ndani huwa mkali kupita kiasi. Pistoni huvimba kwa joto, ikashikamana na silinda. Hapo gurudumu la nyuma hukwama ghafula, na mpanda huanguka. Hata oili isisahauliwe, maana injini hii hupata oili yake ndani ya petroli: sehemu 2 za oili kwa sehemu 100 za petroli.

Deni la pili ni gia. Injini yenye nguvu ikibaki na gia za zamani, hupiga kelele na kuchoka bure. Fundi huweka gurudumu dogo lenye meno zaidi, ili kila mzunguko upeleke pikipiki mbali zaidi. Lakini asizidishe, kwani pikipiki itashindwa na kilima. Hutia pia springi ngumu katika klachi, isije ikateleza.

Deni la tatu ni breki, nalo ni kubwa kuliko yote. Pikipiki ikienda kilometa 60 kwa saa, breki huhitaji nafasi mara 4 ya ile ya kilometa 30, ndipo isimame. Mwendo umezidi mara 2, nafasi imezidi mara 4! Mbuzi akikatiza njia, au mtoto akifuata mpira, nguvu ya injini haisaidii kitu. Mwaka 1998 kiwanda chenyewe kilianza kuweka breki ya sahani mbele ya PX.

Kwa hiyo fundi mwenye akili huanza na breki, ndipo afungue silinda. Mjinga huuliza, “Itakimbia namna gani?” Mwenye busara huuliza kwanza, “Itasimama wapi?”

Maulizo
1. Kwa nini mwenye baiskeli hushuka akifika kilimani?
2. Taja madeni matatu ya silinda kubwa.
3. Petroli ikipungua katika silinda, mpanda hupatwa na nini?
4. Breki ikihitaji meta 5 kwa mwendo wa kilometa 30, itahitaji meta ngapi kwa kilometa 60?