Kaizari na Mirambo: Ukubwa Uliokaa Vinywani mwa Watu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimfuata Mwalimu Nyerere tangu alipoingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937 hadi aliporudi mji huohuo kufundisha St. Mary's. Tukaishia kwenye kazi yake ya kuitia Kiswahili tamthilia ya Shakespeare, aliyoitoa mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Leo tumtazame Kaizari mwenyewe.

Wanafunzi huniuliza swali moja kila mara: ikiwa tamthilia ni ya Kaizari, mbona anakufa katikati? Swali ni la haki. Anachomwa visu mwanzoni mwa sehemu ya tatu kati ya tano. Maneno yake yote hayafiki mistari 200, na Brutus anamzidi kwa zaidi ya mara tatu.

Nionavyo mimi, Shakespeare alijua kwamba mwenye nguvu hasa hapimwi kwa anayojisemea. Hupimwa kwa jinsi wengine wanavyoshindwa kuacha kumsema. Angalia lile suala la taji. Kaizari anapewa taji mara tatu na mara tatu analikataa, lakini sisi watazamaji hatulioni tendo hilo. Tumesimama pembeni na Brutus na Cassius, na kinachotufikia ni makelele ya umati tu. Baadaye Casca anakuja kusimulia, kwa kejeli zake, kwamba kila Kaizari alipolisukuma taji mkono wake ulisita zaidi, mwishowe akaanguka kifafa. Je, alilitaka au hakulitaka? Hatuna ila ushahidi wa mtu asiyempenda.

Kisha kuna sikio. Kaizari anamwambia Antony kwamba Cassius ni mtu wa kuogopwa, ila yeye Kaizari haogopi, maana yeye ni Kaizari daima. Pumzi hiyohiyo anamwomba Antony ahamie upande wa kulia, kwa kuwa sikio lile jingine halisikii. Plutarch, ambaye Shakespeare alimsoma katika tafsiri ya Kiingereza iliyotokana na tafsiri ya Kifaransa, ametaja kifafa. Uziwi hakuutaja. Huo Shakespeare ameuongeza mwenyewe, na nauona kuwa ustadi mkubwa kuliko hotuba yoyote ya mchezo huo: mtu anayejitaja kwa jina lake kana kwamba ni mnara, kumbe inabidi wenzake wazunguke upande wa pili ndipo awasikie.

Sisi wa njia ya misafara tuna mtu wa namna hiyo. Kuanzia mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya Ujiji. Pembe zilikwama, wapagazi wakakaa, na hongo, ambayo zama hizo ilikuwa ushuru wa wazi aliotoza mtemi kwa msafara unaopita kwake, ikawa sababu ya vita. Mwandishi wa habari Stanley alikuwako, upande wa Waarabu, nao wakashindwa vibaya. Katika maandishi yake ya wakati huo Mirambo ni jambazi. Mwaka 1876 wakakutana ana kwa ana, wakachanjiana damu wakawa ndugu, na Stanley akaandika kwa mshangao juu ya mtu mpole, mwenye sauti ya chini na adabu nyingi. Baina ya miaka hiyo mwandishi ni yuleyule, na mtemi ni yuleyule. Ziko barua chache alizowaandikisha wageni, lakini sehemu kubwa ya tunachokijua juu yake ilipita kwanza katika mkono wa adui, wa mfanyabiashara au wa mmisionari. Anayetaka kumwandikia Mirambo tamthilia asione hilo kuwa upungufu. Shakespeare angeanzia hapohapo, katika baraza la tembe moja Kwihara, karibu na Tabora, kwa watu wanaobishana juu ya mtu asiyekuwapo.

Turudi Roma. Cassius ndiye mwenye hadithi nyingi za kumshusha Kaizari: namna alivyozidiwa na maji ya mto Tiber hadi yeye Cassius akamwokoa mgongoni, namna alivyotetemeka kwa homa Hispania na kuomba maji kama msichana mgonjwa. Anazisimulia ili Brutus amdharau. Zinamrudi. Kwa kuwa mwili ni dhaifu kiasi hicho, ukubwa unaomkosesha Cassius usingizi umekaa pengine, mahali ambapo kisu hakifiki. Usiku mmoja kambini Sardi, kabla ya vita vya Philippi, mtoto Lucius akiwa amesinzia juu ya chombo chake cha muziki, mzuka wa Kaizari unamtokea Brutus hemani. Huko Philippi Cassius, akidhani ameshindwa, anampa mtumwa wake Pindarus upanga uleule uliomchoma Kaizari na kumwamuru amchome. Neno lake la mwisho anamwambia Kaizari.