Dawa ya Usubi na Mnyoo wa Jichoni

Meli ya mizigo inayotoka Kindu ikifika Ubundu huishia hapo. Mbele yake, hadi Kisangani, mto Lualaba unateremka maporomoko saba ya Boyoma, yaliyotawanyika katika mwendo wa karibu kilometa 100. Kwa sababu hiyo Wabelgiji walitandika reli ya kilometa 125 iliyofunguliwa mwaka 1906, enzi ambazo Ubundu iliitwa Ponthierville.

Maji yaliyoishinda meli yanamfaa mdudu mmoja mdogo mweusi, mwenye mgongo uliobinuka: usubi. Mbu hupenda maji yaliyotuama, ilhali usubi hutaka maji yanayokimbia na kupiga mawe, kwa kuwa buu wake hujishikiza kwenye jiwe au jani lililozama na kungoja mkondo umletee chakula na hewa. Ndiyo maana wanaolipa gharama ya ugonjwa anaoueneza ni wavuvi, wakulima wa kandokando ya mito na watoto wanaoteka maji.

Usubi jike akiuma hupitisha mnyoo uitwao Onchocerca volvulus. Minyoo wazima hujikunja ndani ya vinundu chini ya ngozi na kuishi humo miaka 10 hadi 15, wakizaa mabuu yasiyoonekana kwa macho. Mabuu hayo hutambaa ngozini na kuleta mwasho unaomnyima mtu usingizi. Yakiingia jichoni hupofusha. Daktari Mbelgiji Jean Hissette aliwakuta vipofu wa aina hii kando ya mito ya Sankuru mapema miaka ya 1930, na tangu hapo watu wengi wakitaja usubi hufikiria macho tu.

Kumbe madhara hayaishii machoni. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, kusini mwa Tanzania, nako akaona watoto ambao vichwa vyao viliinama mara kwa mara kama wanaosinzia, hata wakiwa na chakula mbele yao. Mahenge ni eneo la usubi. Baadaye ugonjwa wa namna hiyo ulionekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, huko nako usubi ukiwapo. Nchini Kongo, watafiti wa Kongo na wa Chuo Kikuu cha Antwerp waliokwenda Titule, Bas-Uélé, kaskazini mwa Tshopo, jimbo la Kisangani, walikuta kifafa kwa wingi usio wa kawaida.

Lakini je, ni mnyoo, au ni umaskini na malaria vinavyokwenda pamoja nao? Jibu lenye uzito lilitoka Kamerun. Watoto wa bonde la mto Mbam waliopimwa ngozi mwaka 1991 na 1992 walifuatiliwa miaka mingi baadaye, na matokeo yakachapishwa 2018. Waliokuwa na mabuu zaidi ya 200 katika kipande kimoja kidogo cha ngozi walikuwa na hatari ya kupata kifafa mara 28 hivi kuliko wasiokuwa na buu hata moja. Kifafa hiki huanza kati ya umri wa miaka 3 na 18. Namna mnyoo anavyoudhuru ubongo bado inachunguzwa. Kinachojulikana vizuri zaidi ni madhara ya imani kwamba povu la mgonjwa huambukiza: mtoto akianguka motoni au mtoni, wapo wanaoogopa kumgusa.

Dawa ipo, na ni ya bure. Ivermectini, inayojulikana kwa jina la Mectizan, ilitokana na bakteria wa udongo wa Japani, ikawapa William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bila malipo tangu 1987. Kijijini haihitaji hata mizani: mgawaji husimamisha mtu kando ya kijiti chenye alama, urefu wake ukaonyesha idadi ya vidonge. Humaliza mabuu, ila haiui minyoo wazima, kwa hiyo inabidi kumezwa kila mwaka kwa miaka mingi.

Hapo ndipo msitu unapoleta utata. Katika misitu ya Kongo yupo mnyoo mwingine, loa, anayeenezwa na nzi mkubwa anayeuma mchana na kuvutwa na moshi wa kuni. Mara nyingi hana fujo. Mwenyewe humwona akikatiza weupe wa jicho, akasubiri siku chache apite. Lakini mtu mwenye mabuu ya loa zaidi ya 30,000 katika mililita moja ya damu akimeza ivermectini, mabuu hufa kwa mkupuo na ubongo unaweza kudhurika. Wapo waliozimia siku chache baada ya kumeza, na baadhi yao wakafa. Mambo hayo yalitokea Kamerun, kisha Kongo, na habari za namna hiyo hufika kijiji cha pili kabla ya wagawaji. Mtu anayekataa kidonge baada ya kuzisikia si mjinga.

Kipimo cha kwanza cha hatari ya loa kilikuwa swali tu: umewahi kuona mnyoo akipita jichoni mwako? Kijiji ambacho watu zaidi ya 40 kati ya 100 hujibu ndiyo huhesabiwa kuwa cha hatari. Mwaka 2015, huko Okola, Kamerun, kilijaribiwa kifaa kinachounganisha simu na hadubini ili kuhesabu mabuu ya loa katika damu. Watu zaidi ya 16,000 walipimwa, 340 wakazuiwa kumeza kwa sababu ya wingi wa loa, na waliomeza, zaidi ya 15,500, hawakupata madhara makubwa ya ubongo. Tone la damu hutolewa kidoleni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, kwa maana usiku mabuu ya loa hujificha mapafuni.