Saratani ya chanzo kisichojulikana

Saratani ya chanzo kisichojulikana ni saratani ambayo inapogunduliwa imekwisha kusambaa mwilini, lakini kiungo ilikoanzia hakionekani hata baada ya uchunguzi wa kutosha. Hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 2 na 5 ya saratani zote.

== Maelezo ==
Kwa kawaida saratani huitwa kwa jina la kiungo ilikoanzia. Saratani ya titi iliyofika kwenye mifupa bado ni saratani ya titi, na hutibiwa hivyo. Ndiyo sababu kutojua chanzo humtatiza daktari katika kuchagua dawa.

Uvimbe wa kwanza unaweza kuwa mdogo mno kuonekana kwa vipimo. Pengine pia kinga ya mwili imeuangamiza baada ya seli zake kuhamia kwingine. Uchunguzi wa maiti umeonyesha kwamba mara nyingi chanzo kilikuwa mapafu au kongosho.

== Dalili ==
Dalili hutegemea mahali saratani ilipofika: tezi za limfu zilizovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena, maumivu ya mifupa, maji tumboni, kikohozi au kukonda. Katika Afrika Mashariki tezi za shingo huvimba mara nyingi kwa sababu ya kifua kikuu. Hivyo uvimbe usiopungua kwa dawa za kifua kikuu unapaswa kuchunguzwa upya.

== Utambuzi ==
Daktari huuliza historia ya mgonjwa na kupima mwili mzima, pamoja na matiti, tezi dume na sehemu za siri. Hufuata vipimo vya damu na picha za CT za kifua, tumbo na nyonga.

Kipimo muhimu zaidi ni biopsi, yaani kuchukua kipande cha uvimbe na kukichunguza kwa hadubini. Maabara hutumia kingamwili maalumu kutambua protini za seli: TTF-1 huelekeza kwenye mapafu au tezi ya thiroidi, na CDX2 kwenye utumbo. Biopsi hutambua pia limfoma, ambayo ina tiba yake na mara nyingi hupona.

Kurudia vipimo bila mwisho hakusaidii, kwa kuwa huchelewesha matibabu.

== Makundi yenye matumaini zaidi ==
Takriban mgonjwa 1 kati ya 5 yumo katika makundi haya, ambayo hutibiwa kana kwamba chanzo kinajulikana:
* Mwanamke mwenye adenokasinoma katika tezi za kwapa: hutibiwa kama saratani ya titi.
* Mwanamke mwenye saratani ya utando wa tumbo inayofanana na ya ovari: hutibiwa kama saratani ya ovari.
* Mwanamume mwenye saratani ya mifupa na kiwango kikubwa cha PSA: hutibiwa kama saratani ya tezi dume.
* Mwenye saratani ya seli bapa katika tezi za shingo: hutibiwa kwa upasuaji, mionzi au vyote viwili.
* Kijana wa kiume mwenye uvimbe katikati ya kifua au nyuma ya tumbo: hupewa dawa za saratani ya korodani, na anaweza kupona kabisa.

== Matibabu ya wengine ==
Wagonjwa wengine hupewa tibakemikali, kwa kawaida yenye sisplatini au kaboplatini. Wengi wao huishi chini ya mwaka mmoja. Kwa hiyo tiba shufaa inapaswa kuanza mapema, si siku za mwisho tu. Huduma hiyo hupunguza maumivu, kichefuchefu na hofu. Mofini ya maji hunywewa nyumbani. Hospice Africa Uganda imeitumia tangu ilipoanzishwa mwaka 1993.