Karo si gharama pekee ya kusomea muziki

MWANAFUNZI wa Kanyangi, Kaunti ya Kitui, anayenuia kusomea muziki hana budi kupiga hesabu kabla ya kutuma maombi kwa KUCCPS, wala si baada ya kuitwa chuoni.

Shahada huhitaji alama ya wastani ya C+ katika KCSE. Hata hivyo, sauti nzuri ya kwaya haitoshi: masomo haya hutegemea usomaji wa nota, ujuzi ambao shule isiyofundisha Muziki haiutoi. Yafaa kuuliza mapema iwapo chuo kinamfunza anayeanza.

Vyuo vikuu vya Kenyatta na Maseno, ambavyo ni vya umma, pamoja na Kabarak cha kibinafsi, hufundisha fani hii. Mzazi anayetegemea mavuno ya ndengu alinganishe gharama ya miaka yote: karo, kodi ya chumba, nauli na ala. Chuo chenye vinanda na magitaa ya kufanyia mazoezi humpunguzia mzigo mkubwa.

Mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa 1995, husaidia, lakini ni deni lenye riba. Anayelenga ualimu athibitishe kwanza kwamba kozi yake inakubaliwa na TSC.