Ugonjwa wa Akili Usio na Faili: Madai ya Pensheni ya Ulemavu Mkoani Tabora

Katika sheria za hifadhi ya jamii ulemavu si jina la ugonjwa, bali ni uamuzi kuhusu uwezo wa mtu wa kufanya kazi na kujipatia kipato, na uamuzi huo hautolewi mpaka uwepo ushahidi wa kitabibu, yaani kumbukumbu zilizoandikwa na wataalamu wa tiba kuonyesha ugonjwa ulianza lini, umetibiwa vipi na umemwacha mgonjwa katika hali gani. Kwa mfanyakazi aliyekatwa mkono na mashine ushahidi huo hauna shida, kwa kuwa bodi ya madaktari huuona kwa macho. Kwa mwenye skizofrenia, maradhi yanayomfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wenzake na kushikilia mambo yasiyo na ukweli, au kwa mwenye ugonjwa wa hisia mseto, ambao humpandisha mtu katika msisimko uliopita kiasi kisha ukamshusha katika sonona nzito, siku ya uchunguzi inaweza kuangukia kipindi cha nafuu, naye akaingia na kutoka mbele ya bodi akiwa ametulia kuliko msindikizaji wake.

Tanzania Bara pensheni ya ulemavu usiosababishwa na kazi hutolewa na mifuko miwili: NSSF, uliowekwa na sheria ya mwaka 1997 na ambao sasa unahudumia hasa sekta binafsi, na PSSSF wa watumishi wa umma, ulioanza kazi Agosti 2018 baada ya kuunganishwa kwa mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF. Kwa utaratibu wa NSSF, mwanachama asiyefikia umri wa kustaafu anapaswa kuthibitishwa na bodi ya madaktari kwamba amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kuingiza kipato, tena awe amechangia miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo 12 kati yake iwe ya kipindi kinachotangulia ulemavu. Masharti hayo mawili, la bodi na la michango, husomwa kana kwamba hayahusiani, ilhali kwa mgonjwa wa akili likivunjika moja, aghalabu la pili huvunjika nalo.

Namna yanavyovunjika inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo madai mengi hupotea kabla hayajaandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, lakini mwajiri halazimiki kulipa iwapo mgonjwa hakuleta cheti cha daktari. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, kwa upande mwingine, zinahesabu kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Mlinzi wa ghala la tumbaku wilayani Urambo ambaye sonona imemlaza kitandani wiki mbili, au karani wa stesheni ya Tabora aliyeondoka nyumbani usiku akiamini anafuatiliwa, hatakwenda kuomba cheti, kwa kuwa kutokwenda huko ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Akirudi hukuta barua ya kujieleza, na baada ya kikao cha nidhamu jalada lake huandikwa neno utoro. Michango hukoma mwezi huo. Ndugu wanapomfikisha hospitali miaka miwili au mitatu baadaye, daktari anaweza kuandika kwa uhakika jina la maradhi, ila tarehe ya kuanza ataipata kwa maelezo ya ndugu tu, wakati waraka pekee wa kipindi kile unasema mtu huyu alikuwa mtoro. Mfuko ukikubali tarehe ya hospitali, michango ya miezi 12 iliyotangulia haipo. Ukitaka kukubali tarehe ya ndugu, hauna karatasi ya kuishikilia.

Watu wa mjini huuliza kwa nini mgonjwa hakupelekwa hospitali mapema, na swali hilo lina jibu la kihistoria na la kijiografia. Katika Unyamwezi, ambako ndiko Tabora ilipo, mtu anayezungumza peke yake au anayekataa chakula hupelekwa kwanza kwa mfumu, mganga wa jadi anayepiga ramli kutafuta chanzo, na katika baadhi ya koo huingizwa katika chama cha Buswezi kinachoshughulika na pepo. Katika mji wa Tabora wenyewe, ambao Uislamu uliingia pamoja na misafara ya pwani, wapo wanaosomewa dua na kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, na siku hizi wengi hupelekwa kwenye maombi ya makanisa. Hatua hizo si za upuuzi, kwani humpa mgonjwa watu wa kumlinda na familia maelezo ya kushika, lakini haziachi karatasi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwapa waganga usajili na baraza la kuwasimamia, ila usajili wa mganga haufanyi maelezo yake kuwa ushahidi wa kitabibu mbele ya bodi ya pensheni.

Jiografia nayo ina uzito wake. Taasisi ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika nchi hii ilifunguliwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1904 huko Lutindi, milima ya Usambara, na Waingereza wakaanzisha Mirembe mjini Dodoma mwaka 1927, ambayo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili mpaka leo. Mgonjwa wa Tabora anayepewa rufaa kutoka Hospitali ya Mkoa ya Kitete kwenda Mirembe husafiri kuelekea mashariki akikata nchi ya Ugogo, takribani ilikopita njia ya misafara ya Ujiji, Unyanyembe na Bagamoyo, ambayo reli iliifuata ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nchi nzima ina chini ya daktari bingwa mmoja wa magonjwa ya akili kwa kila watu 100,000, na kwa sababu hiyo ripoti ya bingwa ni kitu cha safari, nauli na msindikizaji.

Njia hiyohiyo inakumbusha kwamba suala la malipo kufuata karatasi si jipya kwa watu wa magharibi. Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, aliyebeba mzigo wa takribani frasila mbili kwa ujira wa nguo, shanga na waya, akiugua njiani aliachwa kijijini, na riziki yake ikategemea wema wa wenyeji au ndugu. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi wa Afrika Mashariki walichukuliwa kwa maelfu na kuandikwa katika madaftari ya jeshi, na hapo ikaonekana kwamba daftari nalo linaweza kudhulumu, maana ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia warithi kwa kuwa majina na vijiji vilivyoandikwa havikutosha kuwatambulisha.

Mifuko ina hoja nzito ya kudai ushahidi. Pensheni inalipwa kutokana na michango ya wanachama wengine, na mtu anaweza kuigiza wazimu kwa saa moja au kununua cheti. Lakini hoja hiyo ikifuatwa mpaka mwisho inaelekea kwingine kabisa: kinachoweza kuigizwa na kununuliwa ni cheti kimoja cha siku moja, wakati mlolongo wa miaka mitatu, wenye kadi ya zahanati, barua za mwajiri, daftari la dawa na maelezo ya majirani wasiohusiana, ni vigumu mno kuutunga. Kwa hiyo bodi inayotegemea ripoti moja ya bingwa na kuvipuuza vipande vidogo vya nyuma hujiweka wazi kwa wadanganyifu huku ikiwafungia mlango wagonjwa wa kweli.

Nchi nyingine zimeligawa jukumu hili kwa namna mbalimbali. Marekani mdai lazima awe na ushahidi kutoka kwa mtaalamu anayetambuliwa na sheria, lakini kumbukumbu zake zisipotosha wakala wa hifadhi ya jamii unaweza kuagiza uchunguzi na kuulipia wenyewe. Uingereza malipo yaitwayo PIP, yaliyoanza mwaka 2013, hupima jinsi hali ya mtu inavyoathiri shughuli za kila siku kuliko jina la ugonjwa wake, na maelezo ya anayemtunza huzingatiwa. Mfumo wa Uingereza umelalamikiwa sana na wagonjwa wenyewe na si wa kuigwa wote, ila kipimo chake kinalingana na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010, inayoutaja ulemavu kuwa ni kupungukiwa na fursa ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine kutokana na sababu za mwili, akili au jamii. Chombo cha kupimia kipo pia: dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo WHODAS 2.0, linalouliza kuhusu kuelewa, kutembea, kujihudumia, kuhusiana na watu, kazi za nyumbani na za kipato, na kushiriki mambo ya jamii, ambalo ndugu anaweza kulijibu kwa niaba ya mgonjwa na ambalo mhudumu aliyefundishwa anaweza kulijaza katika kituo cha afya cha Sikonge au Kaliua.

Hayo yote yanawahusu wenye ajira rasmi, na wakulima wa tumbaku, karanga na mpunga pamoja na warina asali wa Tabora, ambao ndio wengi, hawamo. Kenya, kupitia Inua Jamii, hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Tanzania Bara haina malipo ya ulemavu kwa kila mwenye sifa, ila ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini zinazotambuliwa na jamii yenyewe, na mikopo kwa watu wenye ulemavu kutokana na asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Katika mkutano wa kijiji hakuna anayedai cheti, jambo ambalo ni nafuu, lakini aliyeaminika kuwa amerogwa au anavuta bangi anaweza kuhesabiwa mkosaji badala ya mhitaji.

Mpaka sheria ya mifuko izipe bodi wajibu wa kukusanya ushahidi badala ya kuusubiri, mzigo uko kwa familia na waajiri, na hatua za kuchukua zinajulikana. Familia inayoanza na mganga au sheikh imfikishe mgonjwa zahanati pia mwezi huohuo, hata kama ni kuandikiwa kadi tu, kwa kuwa tarehe ya kadi hiyo ndiyo itakayotafutwa baadaye. Barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza aliyoyaona, bila kubahatisha jina la ugonjwa, ihifadhiwe pamoja nayo. Aliyeachishwa kazi kwa utoro akiwa mgonjwa ana siku 30 za kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na zikipita anaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu, ambapo ugonjwa ukithibitishwa huwa na uzito. Mwajiri naye, kabla ya kuitisha kikao cha nidhamu dhidi ya mtu aliyefanya kazi miaka kumi bila doa na akatoweka ghafla, amtume mtu nyumbani kwake kuuliza, na majibu yake yaandikwe.