'Kipande' ni neno lenye kumbukumbu ya dhuluma

Filamu ya The Wilby Conspiracy (1975) inasimulia mbio za wanaume wawili, mmoja mweusi na mwingine mweupe, wanaosakwa na makachero wa utawala wa kibaguzi kutoka Cape Town hadi Johannesburg. Sidney Poitier ni mwanaharakati Shack Twala. Michael Caine ni Mwingereza aliyejipata humo bila kutaka. Afisa Horn angeweza kuwanasa mapema, ila anawaachia makusudi wampeleke kwa kiongozi wao, Wilby. Mandhari tunayoyaona ni ya hapa kwetu Kenya, kwani ndiko ilikopigwa.

Kwangu mimi mwanaisimu, uzito uko kwenye chanzo cha mkasa. Mahakama imekwisha kumwachilia Twala, lakini njiani polisi wanamsimamisha wakague stakabadhi zake. Pingu zinarudi!

Tazama ujanja wa lugha hapo. Sheria ya 1952 iliyowalazimisha Waafrika kubeba kitabu cha pasi ilipewa jina la sheria ya kufuta pasi. Ile ya 1959 iliyowafungia weusi milango ya vyuo vikuu vya weupe iliitwa ya kupanua elimu ya chuo kikuu. Wananchi hawakuhadaika. Kitabu hicho wakakibandika jina dompas, yaani pasi ya kijinga. Machi 21, 1960, watu 69 waliuawa Sharpeville wakizipinga pasi hizo.

Sisi nasi tulikuwa na kipande. Kwa kawaida neno hili humaanisha sehemu ndogo ya kitu kizima. Chini ya mkoloni, kikawa cheti chenye alama za vidole na rekodi ya mwajiri, ambacho mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kijikebe cha chuma. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa mwaka 1922.

Leo ukiambiwa, "Leta kipande," unatoa kitambulisho bila kuwaza. Je, neno hili litupwe? La hasha! Maneno hayana hatia; hatia ni ya wanaoyatumia kudhulumu. Lakini mwalimu anayelifundisha bila historia yake amefundisha nusu tu. Wanubi na Wasomali wa Kenya wamelalamika kwa miaka mingi kwamba husailiwa kuliko wengine kabla ya kupewa kitambulisho. Anayejua kipande kilitoka wapi hatayapuuza malalamiko hayo.