Unene: Je, ni Urithi au ni Ulafi?

Katika kambi za jeshi na makao ya polisi, mtu mnene huhukumiwa kabla ya kusikilizwa. Akiwa askari, wenzake humwita mvivu. Akiwa mama wa nyumbani, majirani hunong'ona kwamba anakula sehemu ya watoto. Kumbe mwenyewe amejinyima miezi mingi, amekunywa chai ya rangi bila sukari na kulala bila chakula cha usiku, akapungua kilo tano. Kisha kilo hizo zikamrudia pamoja na nyingine. Jirani yake hula sahani mbili za posho na maharagwe kila siku, naye hubaki mwembamba kama fimbo. Je, kosa ni la nani?

Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wataalamu nao wametaka kujua kama mwili hufuata njia hiyo. Mwaka 1986 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa nchini Denmark juu ya watu wazima 540 ambao walilelewa tangu utotoni na wazazi wasiowazaa. Ilionekana wazi kwamba uzito wao ulifuata ule wa wazazi waliowazaa, na wala haukuhusiana na ule wa wazazi waliowalisha. Chakula cha nyumba moja hakikuwafanya wawe na umbo moja.

Uchunguzi wa pili unafanana sana na maisha ya kambini. Huko Quebec, nchini Kanada, vijana wa kiume jozi 12, wote mapacha wa kufanana kabisa, waliwekwa pamoja chini ya uangalizi. Kwa siku 84 katika muda wa siku 100, kila mmoja aliongezewa kalori 1,000 juu ya mahitaji yake. Matokeo yalitolewa mwaka 1990. Kwa wastani waliongezeka kilo 8, lakini yuko aliyeongezeka kilo 4 tu, na yuko aliyeongezeka kilo 13. Tena pacha aliongezeka karibu sawa na pacha mwenzake. Basi askari wawili waweza kula chungu kimoja na kukimbia njia moja, na miili yao isijibu kwa namna moja.

Sababu yake ni nini? Mafuta ya mwilini si mzigo uliokaa kimya. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, katika jiji la New York, waligundua homoni iitwayo leptini, ambayo hutoka katika mafuta na kuupelekea ubongo habari za akiba iliyopo. Akiba ikipungua, leptini hupungua, na ubongo hudhani kwamba njaa imeingia nchini. Huongeza hamu ya chakula na kupunguza matumizi ya nguvu.

Jambo hilo lilikwisha kuonekana zamani katika chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, miaka ya 1944 na 1945. Vijana 36 waliojitolea walipunguziwa chakula kwa miezi sita, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, baridi iliwasumbua, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Waliporuhusiwa kula tena, mafuta ndiyo yaliyorudi kwanza, hata kupita kiasi cha awali. Kwa hiyo mtu anayejinyima ghafula hapigani na tamaa peke yake. Anapigana na mlinzi ambaye mwili umemweka langoni tangu zama za njaa, na ukali wa mlinzi huyo hutofautiana kwa urithi.

Hata hivyo, msomaji asikimbilie kusema, "Huu ni ukoo wetu, basi yamekwisha." Mwaka 2007 iligunduliwa jeni iitwayo FTO, yaani chembe ya urithi inayohusiana na unene. Mtu aliyerithi aina yake ya kunenepesha kwa baba na kwa mama pia huwa mzito kuliko asiyeirithi kwa kadiri ya kilo tatu. Ziko jeni nyingine nyingi, lakini nyingi kati yake huongeza kidogo kidogo tu. Na mwaka 2011, baada ya kuchunguza watu zaidi ya 200,000, wataalamu walionyesha kwamba kwa watu wanaofanya mazoezi, nguvu ya jeni hiyo juu ya unene hupungua kwa zaidi ya robo.

Tena tusisahau kwamba pamoja na jeni tunarithi chungu. Nyumba iliyozoea mafuta mengi katika mchuzi, sukari vijiko vinne katika kikombe, na soda kila mgeni anapofika, huwarithisha watoto mazoea hayo. Askari naye hutoka mafunzoni, akapewa kazi ya mezani, lakini sahani yake hubaki ile ya mafunzoni.

Hapa Uganda liko jambo jingine. Miaka ya 1980 UKIMWI ulipoenea Rakai, watu waliuita "Slim" kwa sababu ulikondesha. Tangu hapo familia nyingi ziliogopa wembamba, na mume anayepungua huulizwa maswali. Anayetaka kupunguza uzito na awaeleze wa nyumbani mapema, ili wamsaidie badala ya kumshuku. Lakini anayekonda bila kukusudia, au anayesumbuliwa na kiu na kukojoa mara kwa mara, na aende kwa daktari bila kuchelewa.

Sasa tufanye nini? Kwanza, tupime kiuno kabla ya kutazama mizani. Chukua kamba yenye urefu sawa na kimo chako, uikunje mara mbili, kisha uizungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, na hatari ya ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu imekaribia.

Pili, lengo liwe dogo. Huko Marekani, watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari walichunguzwa kwa muda wa miaka mitatu hivi, na matokeo yakatolewa mwaka 2002. Kundi moja liliambiwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa juma. Ugonjwa ulipungua katika kundi hilo kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo zipatazo sita. Pengine bado ataitwa mnene, lakini miguu, macho na figo zake zitakuwa zimepata ulinzi.

Tatu, tuanzie jikoni. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Mboga na maharagwe vijaze nusu ya sahani, posho au matoke yapungue. Soda iachwe kwa sikukuu. Nyumba nzima ifuate utaratibu huo, kwa maana ni vigumu mtu mmoja kujinyima huku wenzake wanakaanga chapati mbele yake. Dawa za kuharisha na vidonge vya mitaani visiguswe.

Mwisho, wakubwa wa vikosi, wazazi na majirani, tuache dhihaka. Aliyezaliwa mwembamba hakushinda vita vyovyote, na anayepungua polepole si mvivu. Yeye amepangiwa mlima mrefu zaidi kuliko wenzake. Anayempenda na amwite jioni watembee pamoja.